Hamamu ya Kimoroko ndani ya bafu la nyumbani: mkono usifanye kazi ya joto

Kisi, glavu ya kusugulia ya Kimoroko, ikiteleza juu ya mkono na nongo haitoki, wengi huongeza nguvu. Hapo ndipo hamamu, yaani uogaji wa mvuke, huharibika nyumbani. Baada ya dakika kumi mabega yanawaka, ngozi imevimba, na nongo bado iko palepale. Kisi haina kosa. Ngozi haikulowa vya kutosha, au imelowa lakini sabuni haijaisha, au ilipakwa mafuta asubuhi. Makosa haya matatu ndiyo karibu kila kitu kinachomfanya mtu aseme kwamba hamamu haiwezekani nyumbani. Inawezekana, ila ni lazima uelewe kwanza kile ambacho jengo la Moroko linakufanyia bila wewe kujua, kwa sababu bafu lako halitakufanyia.

Hamamu ya mtaa huko Fes au Marrakech ina vyumba vitatu vinavyofuatana, ukishapita chumba cha kuvulia nguo. Cha kwanza, barrani, ni cha nje na kina ubaridi kidogo. Cha pili ni wastani, neno ambalo Mswahili halihitaji tafsiri. Cha mwisho ni dakhli, cha ndani, na humo ndimo kwenye joto lenyewe. Nyuma ya ukuta wa dakhli kuna tanuru, furnachi, linalochochewa kwa kuni, maranda au kokwa za zeituni. Moto wake unachemsha maji, na joto lake linapitishwa chini ya sakafu kabla moshi haujatoka nje. Warumi walipasha mabafu yao moto kwa njia hiyohiyo, na pale Volubilis, karibu na Meknes, magofu yao yapo hadi leo. Moto wa furnachi haupotei bure: Marrakech watu hupeleka huko vyungu vya tanjia, nyama inayoivia ndani ya majivu kwa saa kadhaa.

Hewa ya dakhli ni kama nyuzi 40 hadi 50 za Selsiasi, na imeshiba mvuke. Sauna ya Kifini hupita nyuzi 80 na mtu huivumilia kwa sababu hewa yake ni kavu: jasho linakauka na mwili unapoa. Ndani ya hamamu jasho halina pa kwenda. Linabaki juu ya ngozi pamoja na mvuke, na tabaka la juu la ngozi, lile la seli zilizokwisha kufa, linakunywa maji, linavimba na kulegea. Kulegea huko ndiko kunakotafutwa. Sabuni na kisi vinakuja baadaye kumalizia tu.

Angalia sasa bafu la nyumbani. Lenye mita 2 kwa 1.5, na kimo cha mita 2.4, lina hewa ya mita za ujazo 7 hivi. Ili hewa hiyo ishibe mvuke kwa nyuzi 40, maji yanayohitajika hayafiki nusu lita. Ni kidogo mno, na bado watu hufungua shawa ya moto robo saa nzima na kulalamika kwamba mvuke haukai. Haukai kwa sababu vigae ni baridi. Mvuke unapogusa ukuta baridi unageuka maji na kuteremka hadi kwenye tundu, na joto lake linamezwa na saruji. Huko Moroko ukuta na sakafu vimekwisha kupata moto tangu alfajiri. Nyumbani lazima uanze na ukuta.

Anayeingia hamamu Moroko humwagia maji ya moto mahali anapotaka kukaa kabla hajatandika mkeka wake. Sababu ya kwanza ni usafi. Ukifanya vivyo hivyo nyumbani unapata faida ya pili: unapasha chumba. Chukua lita 5 au 6 za maji yaliyochemka, na kwa kopo lenye mpini mrefu mwagilia kuta kuanzia usawa wa kifua kwenda chini, polepole, kisha sakafu. Vaa kandambili na usimame upande wa mlango ili maji yakimbie mbali nawe. Mvuke utaruka kwa mpigo mmoja, mwingi kuliko unaotoka kwenye sufuria iliyotulia. Kabla ya hapo dirisha liwe limefungwa, vioo visivyobana vizuri vifunikwe kwa mfuko wa nailoni, feni ya kutoa hewa izimwe, na taulo kuukuu liwekwe chini ya mlango. Mlango wenyewe usifungwe kwa komeo wala ufunguo.

Baada ya ukuta, ingiza sufuria ya lita 5 ya maji yanayochemka ikiwa na mfuniko wake, iweke kwenye kona ambayo hakuna mguu utakaopita, ndipo ufunue. Mwenye shawa ya moto anaweza kuiacha itiririke dakika 5 ikielekezwa ukutani. Kioo cha bafu kupata ukungu si dalili ya kutosha, maana hupata ukungu mapema sana. Dalili nzuri iko kifuani: kaa umetulia, futa kifua kwa kiganja, na kikilowa tena ndani ya nusu dakika bila maji kukugusa, joto limetosha. Nyumbani ukifika nyuzi 36 hadi 40 umefanikiwa. Usitafute 50.

Jambo moja hugeuka kabisa ukitoka Moroko kuja nyumbani. Kule watu hukaa chini, kwa sababu sakafu ndiyo yenye moto. Kwako sakafu ndiyo mahali pa baridi kuliko pote, na mvuke wa moto uko juu karibu na dari. Kaa kwenye kigoda au kiti cha plastiki, miguu ndani ya beseni la maji ya moto yanayovumilika. Wanaokaa sakafuni kwa kufuata desturi huishia na mgongo wenye joto na mapaja ya baridi, na mapaja hayatoi nongo.

Wamoroko wenyewe wana dawa ya baridi ya bafu. Huning'iniza darini pazia la nailoni lenye umbo la hema dogo, nao wakaoga ndani yake msimu wa baridi. Hema hilo linafaa kwa sababu nailoni ni nyembamba, haimezi joto kama ukuta wa saruji, na hewa ya kupasha imepungua hadi mita moja au mbili za ujazo. Aliyewahi kupiga nyungu chini ya blanketi anajua tayari mantiki hii. Pazia pana la bafu likifungwa kwa kamba juu na kuachwa wazi upande mmoja linatosha. Uwazi huo ni wa lazima: ni kwa ajili ya pumzi.

Na hapa nisisitize bila kupunguza neno. Jiko la mkaa lisiingie bafuni, hata kama mkaa umeshakuwa mwekundu na hautoi moshi. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu wala rangi, na chumba ulichokiziba kwa taulo ili mvuke usitoke ndicho chumba kinachoua. Mtungi wa gesi na hita ya gesi isiyo na bomba la kutoa hewa nje ni hivyohivyo. Moroko kwenyewe hita hizo huua watu ndani ya mabafu msimu wa baridi. Birika la umeme libaki nje ya mlango. Hita ya kuchovya ndani ya ndoo ichomolewe kwenye soketi kabla mkono haujagusa maji, kila mara, bila kujali aliyeizima ni nani.

Kuhusu maji, ndoo zinashinda shawa. Shawa ya kawaida inayotiririka dakika 10 humaliza lita 80 au zaidi, ilhali ndoo mbili za lita 20 na sufuria ya mvuke zinamtosha mtu mzima kuanzia mwanzo hadi mwisho. Si jambo dogo hata huko kwenyewe: mwaka 2024, kutokana na ukame, hamamu katika miji kadhaa ya Moroko ikiwemo Casablanca ziliamriwa kufungwa siku tatu kwa wiki. Vipimo vya kila ndoo ni hivi. Maji ya bomba yakiwa na nyuzi 25, kama yalivyo sehemu nyingi za pwani, lita 15 za baridi na lita 4 zilizochemka hukupa nyuzi 40 karibu kamili. Penye baridi, ambako bomba hutoa nyuzi 18, ongeza yaliyochemka hadi lita 5 na upunguze ya baridi hadi 14. Baridi iingie ndoo kwanza, moto ufuate. Ukichemsha lita 18 hivi kwa jumla, au 20 hivi penye baridi, umepata ya ukutani, ya mvuke na ya ndoo mbili.

Siku hiyo usijipake losheni wala Vaseline tangu asubuhi. Usinyoe wala kung'oa vinyweleo siku moja au mbili kabla, kwa sababu sabuni ya hamamu ina alkali na itachoma kila kijeraha. Usiingie umeshiba, wala na njaa. Kunywa glasi mbili za maji, na chupa nyingine iwe karibu.

Kaa ndani ya mvuke dakika 10 hadi 15 ukijimwagia maji ya uvuguvugu mara kwa mara. Wamoroko hutumia bakuli la chuma waliitalo tasa, na neno hilo tunalo. Kopo la plastiki linafaa. Hapa ndipo watu hukosa subira. Ukipunguza dakika tano hapa, utazilipa kwa kusugua robo saa bila faida.

Sabuni beldi, ndiyo sabuni ya hamamu, si sabuni kwa maana tuliyoizoea. Ni rojo la mafuta ya zeituni lililopikwa kwa potasi. Ndiyo maana halishikani likawa mche, maana kostiki soda ndiyo inayotoa sabuni ngumu. Nzuri ina rangi ya kahawia au kijani iliyokoza, ukiinyanyua kwenye mwanga inapenya kidogo, na inanuka zeituni. Iliyo nyeusi ti, inayonukia manukato na kutoa povu jingi, nadhani usipoteze pesa zako kwayo. Wala usiichanganye na sabuni nyeusi ya Afrika Magharibi ya majivu ya maganda. Ile ni kitu kingine na ina kazi nyingine. Kwa walioko Muscat au Dubai haihitaji kutafutwa: ulizia sabuni ya kimaghribi, na kisi huko huitwa lifa ya kimaghribi.

Ukiikosa kabisa, paruza gramu 50 za sabuni ya mche ya mafuta ya zeituni, mimina robo kikombe cha maji yanayochemka, ongeza kijiko kimoja cha mafuta ya zeituni, koroga na uache usiku kucha. Asubuhi utakuta rojo. Haifikii beldi, lakini inalainisha. Sabuni ya kufulia isitumike, hata ikiparuzwa vipi.

Kijiko kimoja cha kulia kinatosha mwili mzima. Paka kwa kiganja kilicholowa, tabaka jembamba kama unapaka mafuta, kuanzia miguuni kwenda juu, usoni usipake. Haitatoa povu na haipaswi kutoa. Isubiri dakika 5 hadi 10, na ikianza kukauka nyunyiza maji kidogo. Wengine huichanganya na unga wa hina; rangi ni nzuri, ila kucha na mistari ya vigae vitabaki na alama. Sakafu sasa ni utelezi mtupu, hivyo mkeka wa mpira uwe umetandikwa kabla hujafungua kopo la sabuni.

Kisha isuuze yote. Yote kabisa, hadi ngozi ilie chwii ukiiburuza kidole. Hii ndiyo hatua ambayo mazoea yetu ya dodoki yanatupotosha. Dodoki linafanya kazi na povu: nyuzi zake zinakwaruza na povu linabeba uchafu. Kisi inafanya kinyume. Imefumwa kwa uzi uliosokotwa wenye vijikunjo vidogo, na vijikunjo hivyo lazima viikamate ngozi iliyolegea na kuiviringisha. Sabuni ikibaki, havikamati kitu, na ndipo ile nguvu ya mkono inapoanza.

Lowesha kisi kwenye maji ya moto, ikamue, ivae. Jaribu kwanza upande wa ndani wa mkono kwa mivuto mitatu. Ukiona vijiviringo vya kijivu kama vya kifutio cha penseli, endelea. Usipoviona, rudi kwenye mvuke dakika 5. Usijaribu sehemu nyingine kwa matumaini. Sugua kwa kiganja kizima kilicholala, si kwa ncha za vidole, na kwa mkono wa pili ivute ngozi ikazane. Mivuto iwe mirefu, ya upande mmoja: kifundo cha mkono hadi kiwiko, kiwiko hadi bega, kifundo cha mguu hadi goti. Mivuto kumi au kumi na tano kwa kila sehemu, mimina maji, tazama, songa mbele. Viwiko, magoti na visigino vinavumilia zaidi. Kifua, shingo na upande wa ndani wa mapaja havivumilii. Usoni tumia kona ya kisi laini kwa mguso wa kumfuta mtoto machozi, au acha.

Rangi ya nongo isikutie aibu. Kwenye ngozi nyeusi hutoka ya kijivu hadi nyeusi, na si ushahidi kwamba mtu haogi; ni seli zilizokufa zilizochanganyika na mafuta ya mwili. Kosa la pili baada ya kutolowa ni kudhani nongo itafika mahali iishe. Haiishi. Ukiendelea utazitoa seli ambazo bado zinakulinda. Viviringo vikiwa vyembamba na vichache, toka sehemu hiyo. Ukihisi mchomo kama wa ndimu, umeshapita mpaka, na kisi isirudi hapo kwa wiki mbili.

Mgongo hauwezekani peke yako. Katika hamamu wanawake wasiofahamiana kabisa husuguana mgongo kwa zamu, na anayelipa zaidi huhudumiwa na tayaba, mwanamke ambaye kazi yake ni kusugua waogaji. Nyumbani mwombe dada, mwenzi, mama. Brashi yenye mpini haikai na kisi, na kamba ya kusugulia mgongo hukwaruza bila kuviringisha.

Baada ya kisi ndipo ghasuli, udongo unaochimbwa katika bonde la mto Moulouya, kando ya milima ya Atlas ya Kati. Jina lake limetoka kwenye kitenzi cha Kiarabu cha kuosha, mzizi uleule wa ghusli. Una magnesi nyingi na hufyonza mafuta bila povu. Kwa nywele za urefu wa kati na uso, vijiko vikubwa 4 kwa nusu kikombe cha maji ya moto au maji ya waridi. Maji yaingie juu ya udongo, kisha usikoroge. Uache unywe maji dakika 15 hadi 20, ndipo ukoroge. Ukikoroga mapema unapata madonge yasiyovunjika. Uzito uwe wa mtindi. Paka dakika 5 hadi 10, na usiuache ukauke, kwa sababu ukikauka unavuta unyevu wa ngozi yenyewe na kukatakata nywele wakati wa kuosha.

Nywele zilizosukwa au zilizofungwa rasta zisipakwe ghasuli. Udongo unaingia katikati ya msuko na kukaa humo wiki nzima. Nywele za kipilipili zilizo wazi zipakwe mafuta kwenye ncha kwanza, udongo uende kwenye ngozi ya kichwa tu. Na suuza ukiwa umeinama juu ya beseni, siyo juu ya tundu la bafu: udongo huo hutuama ndani ya kona ya bomba na kuziba taratibu. Uache beseni litulie, mwaga maji ya juu, matope yaende kwenye mmea.

Pwani yetu tuna singo, mchanganyiko wa manukato wa kusugulia mwili, na hatuna sababu ya kuiacha. Bibi harusi wa Unguja aliyesingwa siku kadhaa anajua ulaini huu. Tofauti ni kwamba singo hukauka mwilini na kusuguliwa ikiwa kavu, nayo huacha harufu. Hamamu inafanya kazi kwa maji na haiachi harufu yoyote. Usizifanye siku moja. Mvuke wenyewe pia si mgeni kwetu: Hamamni, mtaa wa Mji Mkongwe, umepata jina kutokana na mabafu ya Kiajemi yaliyojengwa enzi za Seyyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888. Leo hayaogewi tena, lakini mpangilio wake wa vyumba bado unaonekana.

Malizia kwa maji yaliyopoa, si ya barafu, kuanzia miguuni. Simama polepole, mishipa imetanuka na kichwa kitakuwa chepesi. Jikaushe kwa kukanda na taulo, usisugue, na ngozi ikiwa bado na unyevu paka kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya argani. Ya nazi yanafaa. Manukato, losheni zenye spiriti na jua kali visubiri hadi kesho.

Mara moja kwa wiki mbili inatosha kwa ngozi iliyo nzima. Mjamzito asijifungie ndani ya mvuke. Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo, au kisukari kilichoua hisia za miguu aongee na daktari kwanza, na maji ya beseni lake yapimwe na mtu mwingine. Penye ukurutu, majipu, chunusi zilizoiva au ngozi iliyoungua, kisi isipite. Waliotumia mkorogo wasiiguse kabisa: ngozi yao imekonda na itachubuka kwa mivuto mitano.

Ukitoka fungua dirisha na mlango mara moja, futa kuta kwa kitambaa kikavu, washa feni. Bafu likiachwa na unyevu huo kila mara, dari huota ukungu mweusi. Kisi ioshwe kwa sabuni, igeuzwe ndani nje, ianikwe penye upepo. Kila mtu na yake. Ikianza kuwa laini kama soksi kuukuu, itoe kwenye kazi ya mwili. Bado inafaa kusafishia sinki.